Spika hakuangukia bungeni

Barua iliyomaliza uspika wa Job Ndugai haikuandikiwa Bunge. Alhamisi ya tarehe 6 Januari 2022 mbunge huyo wa Kongwa aliutangazia umma kwamba amemwandikia Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi kuachia kiti cha Spika, na nakala ameipeleka kwa Katibu wa Bunge. Wabunge walikuwa majimboni. Hakuna aliyesimama kutoa hoja, hakuna aliyehesabu kura, na siwa ilikuwa imehifadhiwa. Mkuu wa mmoja wa mihimili mitatu ya dola aliondoka madarakani huku ukumbi wake umefungwa. Ibara ya 149 ya Katiba yetu inaelekeza kwamba Spika anayejiuzulu atoe taarifa yake kwa Bunge, lakini siku ile kila mtu hapa Dodoma alielewa kwa nini barua ilianzia kwa Katibu Mkuu wa chama. Huko ndiko uspika wenyewe ulikotoka.

Ndugai alifariki dunia hapa Dodoma tarehe 6 Agosti 2025, siku chache tu baada ya kushinda tena kura za maoni za CCM jimboni kwake, akazikwa kwao Kongwa. Siandiki kumhukumu marehemu. Naandika kwa sababu maisha yake ya kisiasa ni kioo kizuri kuliko vyote nivijuavyo cha kutuonyesha kasoro iliyomo katika Bunge letu. Msimamo wangu ni huu: Spika wa Tanzania hupata kiti kwa mkono wa chama mara mbili, jimboni na katika vikao vya juu, na chama hichohicho kinaweza kumnyang'anya bila kumuuliza mbunge hata mmoja. Maadamu ni hivyo, kila atakayekaa pale, awe na tabia njema au mbaya, atakuwa mkali kwa wanyonge na mpole kwa wenye nguvu. Dawa yake si kumpata Spika jasiri. Dawa yake ni kuvikata vifungo viwili vilivyomo ndani ya Katiba.

Tuanze na kifungo cha kwanza, cha jimboni. Kongwa ni nchi kavu ya Wagogo na Wakaguru, mashariki ya Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta pale kulima karanga, wakayaacha mashamba miaka michache baadaye baada ya ardhi na mvua kuwakatalia. Miaka ya 1960 wilaya hiyohiyo ilihifadhi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Leo watu wengi wanaijua kwa soko la mahindi la Kibaigwa, ambako malori hupanga foleni pembeni ya barabara ya Morogoro msimu wa mavuno. Ndugai, mtaalamu wa wanyamapori kabla ya siasa, aliingia bungeni mwaka 2000 kwa kura za watu hawa na hakutoka tena: 2005, 2010, 2015 na 2020 alirudi. Naibu Spika mwaka 2010, Spika mwaka 2015. Ukisoma orodha hiyo haraka utasema jimbo lilikuwa mfukoni mwake.

Hilo ndilo kosa la kwanza la wachambuzi wengi. Katika nyanda hizi za kati, CCM imekita mizizi kiasi kwamba uchaguzi wa Oktoba mara nyingi ni kuthibitisha tu kilichokwisha kuamuliwa. Uchaguzi wenyewe ni kura za maoni. Julai 2020 nilihudhuria mkutano wa aina hiyo katika jimbo moja la mkoa huu. Watia nia walikaa kwenye benchi mbele, mmoja mmoja akaitwa, akapewa dakika zake chache, akajibu maswali, akarudi kukaa. Wajumbe, wengi wao mama na wazee waliotoka vijijini alfajiri, waliandika kwenye vipande vya karatasi wakiviegemeza magotini. Kura zilipohesabiwa hadharani, mtu mmoja aliyekuwa ameitumikia serikali miaka mingi alipata kura mbili. Hakusema neno. Aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Msimu ule ndio uliotuachia usemi kwamba wajumbe si watu wazuri, na nchi nzima ikacheka. Sikucheka, kwa sababu niliona kitu kingine: hatima ya mwakilishi wa maelfu ya watu ilikuwa magotini mwa mamia.

Kwa hiyo hakuna jimbo salama kwa mtu, lipo jimbo salama kwa chama. Muulize John Malecela. Aliwahi kuwa Waziri Mkuu kuanzia 1990 hadi 1994, na jina lake lilitajwa kwenye mbio za kuwania urais ndani ya chama mwaka 1995 na 2005 bila kupita. Mwaka 2010 aliangushwa Mtera, nyumbani kabisa, kwenye kura za maoni na Livingstone Lusinde. Tingatinga alishindwa na Kibajaji, watu walisema kwa majina yao ya utani, lakini chama hakikupoteza hata tofali moja. Ndugai alikuwa bungeni wakati huo, na jimbo lake halipo mbali na Mtera. Somo lile hakuhitaji kusomewa na mtu. Wala shinikizo la kura za maoni si dogo: Julai 2015 yeye mwenyewe alituhumiwa kumchapa fimbo mtia nia mwenzake katika mkutano wa kampeni za ndani ya chama, na habari ile ikaenea nchi nzima. Miezi minne baadaye alikuwa Spika.

Kifungo cha pili kiko juu zaidi. Ibara ya 84 inasema Spika atachaguliwa na wabunge, na ni kweli wabunge hupiga kura. Lakini chama chenye wingi wa viti kikishapeleka jina moja, kura ile ni sherehe. Januari 2022, baada ya Ndugai kuondoka, makumi ya makada wa CCM walichukua fomu za kuomba uspika. Vikao vya chama vikarudisha jina moja, la Dk. Tulia Ackson, naye Februari akapata kura zote 376 zilizopigwa. Wagombea wa vyama vingine hawakupata hata moja. Mashindano ya makumi ya watu yaliishia nyuma ya milango, na ukumbini kikafika kivuli chake.

Aliyepata kuonja makali ya mlango huo ni Samuel Sitta, mtoto mwingine wa nyanda hizi, mbunge wa Urambo Mashariki kule Tabora. Alipokuwa Spika kuanzia 2005 aliahidi Bunge lenye kasi na viwango, na mwaka 2008 kamati teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ikaichunguza zabuni ya umeme ya kampuni ya Richmond hadi Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu tarehe 7 Februari. Hilo lilikuwa Bunge likifanya kazi iliyoandikwa katika Ibara ya 63, ya kuisimamia Serikali. Malipo yake yalikuja 2010. Chama kiliamua kwamba safari hiyo uspika uende kwa mwanamke, na Sitta, aliyekuwa bado anautaka, akabaki nje ya orodha. Anne Makinda alistahili, sina ugomvi na hilo. Ninachosema ni kwamba Spika aliyeiwajibisha Serikali hakuruhusiwa hata kusimama mbele ya wabunge aliowaongoza ili wao waamue. Na naibu aliyechaguliwa siku zile kumsaidia Makinda alikuwa Job Ndugai. Alianza kazi akiwa ameshaona kilichompata Sitta.

Sasa tazama alivyokitumia kiti. Januari 2019, baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, kusema katika mahojiano ughaibuni kwamba kutofanyiwa kazi kwa ripoti zake kunaonyesha udhaifu wa Bunge, Ndugai alimwita mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, akitaja na pingu ikiwa hatafika. Assad alifika tarehe 21. Aprili mwaka huohuo Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Mkaguzi ndiye jicho la Bunge kwenye fedha za wananchi, na Bunge likalifumba jicho lake lenyewe kwa sababu ya neno moja.

Juni 28 ya mwaka uleule ilikuja zamu ya Tundu Lissu. Mbunge huyu wa Singida Mashariki alipigwa risasi nyingi hapa Dodoma, Area D, mchana wa tarehe 7 Septemba 2017, akitoka bungeni. Alikuwa Ubelgiji kwa matibabu Spika alipotangaza kwamba kiti chake ki wazi, kwa hoja za kutohudhuria mikutano bila ruhusa na kutowasilisha tamko la mali. Ibara ya 71 kweli inasema mbunge anayekosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika hupoteza kiti. Lakini anayetoa ruhusa ni Spika, na anayesema ruhusa haikuwapo ni Spika. Mwananchi yeyote wa jimboni kwake, Ikungi, angeweza kukwambia mbunge wake yuko wapi na kwa nini. Mgombea wa CCM alipita bila kupingwa, Lissu akaenda Mahakama Kuu, maombi yake yakatupwa Septemba.

Weka pembeni ya hayo matukio mawili mengine. Mwaka 2020 mbunge wa Ndanda, Cecil Mwambe, alitangaza mbele ya umma kuhama CHADEMA na kujiunga na CCM. Mei mwaka huo Spika alimtaka arudi bungeni aendelee na ubunge. Novemba 24 mwaka huohuo Ndugai aliwaapisha wanawake 19 wa viti maalumu wa CHADEMA, wakiongozwa na Halima Mdee, katika viwanja vya Bunge, huku chama chao kikisema hakikuwateua. Siku tatu baadaye Kamati Kuu ya CHADEMA iliwavua uanachama. Wakaendelea kukaa bungeni. Ibara ya 71 inasema mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa hukoma kuwa mbunge. Kumbe kifungu kimoja kinaweza kuwa wembe kwa huyu na pamba kwa yule, ikitegemea mwenye kukishika.

Mtu atasema: basi kilichompata 2022 kilikuwa malipo, mkuki kwa nguruwe mtamu. Nimelisikia hilo kwenye vijiwe vya kahawa vya Majengo, tena toka kwa watu wenye busara. Silikubali, na naomba msomaji naye asiridhike nalo. Kauli ya kwamba fulani kavuna alichopanda inatufariji, halafu inatuzuia kuuliza ni shamba gani hilo linaloota miiba kila msimu. Aliyekiuka uhuru wa Bunge kwa Assad na kwa Lissu alikuwa Ndugai, ni kweli. Lakini uhuru wa Bunge si mali ya Ndugai hata tufurahi ulipovunjwa juu ya kichwa chake.

Kumbuka kosa lake lilikuwa nini. Mwishoni mwa Desemba 2021, katika mkutano wa Wagogo hapa jijini, aliuliza kama ni sahihi nchi kuendelea kukopa na kusherehekea mikopo, akaonya kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Serikali ilikuwa imetoka kuupokea mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa wa kupambana na athari za UVIKO-19, na fedha zile zilikuwa zikijenga madarasa nchini kote. Unaweza kubishana na hesabu zake. Mimi nabishana nazo, kwa sababu mkopo wa masharti nafuu unaojenga darasa si sawa na mkopo wa biashara unaolipa mishahara. Lakini kuhoji deni la taifa ndiyo kazi ya mbunge. Januari 3 aliomba radhi hadharani. Januari 4 Rais Samia Suluhu Hassan, aliye pia Mwenyekiti wa CCM, alisema hakutarajia maneno hayo kutoka kwa mkuu wa mhimili, akayahusisha na joto la uchaguzi wa 2025. Januari 6 barua ikatoka. Yule aliyetisha wengine kwa pingu hakuweza kulitetea swali lake hata kwa wiki mbili.

Hapo ndipo panapozuka kosa la pili la uelewa, kwamba Rais alimfukuza Spika. Kisheria hana uwezo huo. Ibara ya 84 inataka azimio la Bunge linaloungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote ndipo Spika aondolewe, kinga kubwa kabisa. Lakini kinga hiyo ina mlango wa nyuma. Chama kikimvua mtu uanachama, anapoteza ubunge, na sifa ya kuwa mbunge ikiondoka uspika unaondoka nayo. Theluthi mbili hazihitajiki tena, inatosha kikao cha chama. Haikulazimu kufika huko, kwa sababu kila mhusika alijua kuwa njia hiyo ipo. Kisu hakihitaji kuchomolewa ili mtu akiogope.

Wapo wanaonijibu kwamba dunia nzima vyama ndivyo vinavyotawala mabunge. Ni kweli, lakini viwango havilingani. Uingereza Spika huachana na chama chake siku anapochaguliwa. Uganda, ambako hakuna anayedai demokrasia imekamilika, Rebecca Kadaga alinyimwa baraka za chama tawala Mei 2021, akasimama mwenyewe dhidi ya Jacob Oulanyah na akapata kura 197 kwa 310. Alishindwa, lakini alishindwa mbele ya wabunge, na nchi ikaona. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu Katiba ya Uganda, kama ya Kenya ya 2010, inamtambua mgombea binafsi. Mtu mwenye pa kwenda akifukuzwa huzungumza kwa sauti tofauti na asiye na pa kwenda.

Cha kusikitisha ni kwamba dawa hii ilipatikana hapahapa Dodoma zamani. Oktoba 1994, Mahakama Kuu ikiketi mjini hapa, Jaji Kahwa Lugakingira aliamua katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba raia ana haki ya kugombea bila kupitia chama. Serikali ikaibadili Katiba mwaka huohuo kuifunga njia hiyo. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu mwaka 2010 ikisema jambo hilo ni la Bunge kuamua. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikasema Tanzania imekiuka haki. Wanaodai kwamba mahakama zetu zilimkataa mgombea binafsi kwa sababu ataleta vurugu na ukabila hawajaisoma hukumu ya 2010. Na Bunge Maalumu la Katiba, lililoketi Dodoma mwaka 2014 chini ya uenyekiti wa Sitta yuleyule, liliingiza mgombea huru katika Katiba Inayopendekezwa, kisha kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa hadi leo.

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha. Kwanza, Ibara za 67 na 71 zirekebishwe: raia aruhusiwe kugombea bila chama, na mbunge aliyefukuzwa chamani abaki na kiti hadi wapigakura wake waamue. Anayehama kwa hiari yake, huyo arudi kwa wananchi. Pili, kila mbunge au raia mwenye sifa anayeungwa mkono na idadi fulani ya wabunge aruhusiwe kugombea uspika ukumbini, kwa kura ya siri, hata kama chama chake kimempitisha mwingine, na akishinda asiingie tena katika vikao vya chama. Tatu, Spika asiwe na neno la mwisho juu ya kiti cha mbunge kuwa wazi. Ibara ya 83 tayari inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuamua jambo hilo, basi tangazo la Spika lisianze kufanya kazi kabla mahakama haijasema. Nne, kujiuzulu kwa Spika kusomwe mbele ya Bunge lililoketi, kwa sababu zake, na wabunge wapewe nafasi ya kujadili. Kama sababu ni halali, hazitaogopa mwanga.

Hayo ya juu yatachukua muda. Lakini liko moja lililo mikononi mwa wananchi wa Kongwa, Mtera, Ikungi na Urambo sasa hivi. Mbunge wako akija kijijini, usimuulize tu ameleta visima vingapi na bei ya mahindi Kibaigwa itapanda lini. Muulize ana msimamo gani juu ya Assad kukataliwa na juu ya Lissu kuvuliwa kiti akiwa matibabuni, na kama yuko tayari kuunga mkono marekebisho ya Ibara ya 71. Akikwepa, mrudishie swali. Bunge letu limejengwa Dodoma, na sisi wa Dodoma tunapita mbele ya lango lake kila siku. Tunayo haki ya kutaka anayeliongoza aliweke Bunge mbele ya barua ya chama.